Mfuniko wa Kopo la Vifungo

Mzee Spoki hakuwa mtu wa kutembea kwa miguu. Juu ya baiskeli alikuwa kijana, lakini akishuka tu magoti yanapanuka, anakwenda kama bata anayetafuta bwawa. Alitengeneza baiskeli za watu maisha yake yote, na kibanda chake kilikuwa karibu na nyumba kiasi kwamba mkewe akiita kula anasikia, lakini hata hapo alikwenda kwa baiskeli. Basi siku msafara ulipofika kwenye ule mji mkongwe wa kando ya mto, na kiongozi akatangaza kwamba mle ndani baiskeli haziruhusiwi na kila mtu atatembea, uso wa Mzee Spoki ulishuka kama tairi lililokanyaga msumari.

Mkewe aligeuka upande asije akacheka mbele yake. Huyu mkewe alikuwa mshonaji, na mtaani kwao waliitana kwa majina ya utani, yeye wakimwita Mama Vifungo, maana mtu akipoteza kifungo cha shati au cha sare ya mtoto alikwenda kwake, naye angeinamia kopo lake, achokore kwa kidole, na kutoa kinachofanana nacho. Hakuwahi kumdai mtu kitu kwa kifungo. Alisema vifungo ni vya wote, vinahamahama tu.

Msafara wenyewe ulikuwa wa wastaafu. Walikuwa wakiufuata mto kutoka milimani ulikoanzia hadi unakomwaga maji yake, polepole, wakilala njiani. Aliyewaongoza alikuwa mwalimu wa michezo wa zamani, mtu mkavu mwenye filimbi shingoni, nao walimpa jina la Kamanda. Alikuwa na sheria moja tu, na aliirudia kila asubuhi kana kwamba ndiyo kwanza imemjia kichwani. Siku hiyo aliisema amesimama mbele ya banda la kuwekea baiskeli, kwenye gati la mawe: saa kumi akipuliza filimbi, magurudumu yanazunguka, na asiyekuwepo atawakuta mbele. Tayari walikuwa wamemwacha mstaafu mmoja wa posta kwenye duka la viatu, akawafikia usiku akiwa na viatu vipya na hasira mpya.

Wenzao walifunga baiskeli zao wakaondoka. Mzee Spoki yeye alitoa spana mfukoni, akafungua siti ya baiskeli yake, akaitia kwapani.

Mkewe alimuuliza kama kweli atazunguka na kile kitu mji mzima. Akajibu kwamba siti ile imeshauzoea mwili wake na mwili umeizoea, na kwamba aliwahi kuibiwa siti sokoni, akaendesha mpaka nyumbani amesimama. Hakuwa tayari kurudia. Kisha akamkabidhi amshikie kidogo, akajitosa chooni, maana pale gatini kulikuwa na choo cha umma.

Akakaa humo. Mama Vifungo alisimama juu ya ngazi za mawe zinazoshuka majini, siti kwapani, akitazama mlango wa choo. Wenzao walikuwa wameshapotelea mjini. Mzee Spoki alipochungulia mlangoni, bado anahangaika na mkanda, mkewe aliinua mkono akampungia: fanya haraka. Alikuwa na haraka kwelikweli, na haraka yake ilikuwa ya miaka mingi.

Ndani ya mkoba wake, umefungwa kwa kitambaa, alikuwa amebeba mfuniko wa lile kopo la vifungo.

Kopo lilikuwa la biskuti, nalo lilikuwa la mama yake kabla ya kuwa lake. Biskuti zenyewe Mama Vifungo hakuzionja. Alipopata akili alikuta zimeliwa zamani na kopo limejaa vifungo. Lakini juu ya mfuniko kulikuwa na picha ya rangi, na chini ya picha, kwa herufi ndogo, jina la mji huu. Kushoto, mnara mrefu wenye paa lililochongoka kama sindano. Kulia, daraja la matao. Katikati, ngazi za mawe zinazoshuka hadi majini, na juu ya ngazi msichana mwenye gauni la njano. Karibu naye bwana mnene aliyevaa koti la buluu, anatazama maji, hana hili wala lile.

Mama yake, ambaye naye alikuwa mshonaji, alitumia picha hiyo kumfundisha kazi. Somo lake la kwanza maishani lilikuwa koti la bwana yule. Nguo ya mwanamume, mama alisema, ubavu wa kushoto hulala juu ya wa kulia, na vifungo vinakaa kulia. Ya mwanamke ni kinyume chake. Haya, mtazame huyu bwana. Na kweli, mchoraji alikuwa ameonyesha kila kitu mpaka uzi: koti la yule bwana lilikuwa limefungwa kike. Mama yake alisema bwana huyo aliamka gizani akachukua koti la mkewe, na mkewe yuko nyumbani anaganda kwa baridi, anasubiri arudi ampe maneno yake. Mzee Spoki alipoingia kwenye familia aliikuta hadithi hiyo, akaipenda, akaichukua kama mali yake. Kila anapovaa nguo vibaya husema, "Leo mimi ndiye bwana wa kwenye kopo."

Lakini kilichomkosesha Mama Vifungo usingizi tangu utotoni hakikuwa koti. Kilikuwa ni yule msichana. Msichana alikuwa ameinua mkono juu, anampungia mtu, na mtu huyo hayumo. Picha ilikuwa imekatwa hapo hapo, upande wa kushoto, ncha za vidole vyake zikigusa ukingo wa bati. Mama yake alisema anaaga. Kuna mtu anaondoka na hatarudi. Mama Vifungo, akiwa mdogo, alisema hapana, anamkaribisha; kuna mtu amerudi. Walibishana miaka na miaka, huku wanatia uzi na kukata uzi, kwa kicheko na mara nyingine kwa hasira za kweli. Mama yake alipokuwa mgonjwa, kitandani, akalitaka kopo, akautazama mfuniko, akasema kwa sauti ndogo, "Ukienda huko siku moja, chungulia. Uje uniambie nani alikuwa mkweli."

Hakuwahi kwenda. Kulikuwa na watoto, kulikuwa na cherehani, kulikuwa na sare za shule. Kisha msafara ukatangazwa, na mji ukatajwa, na Mama Vifungo, ambaye tangu aolewe alikuwa amekataa katakata kupanda baiskeli hata ya kubebwa nyuma, akasema na yeye anakwenda. Mzee Spoki alilia machozi. Alidhani ni mapenzi. Na kweli yalikuwa mapenzi, ila si ya baiskeli. Alimfundisha uwanjani jioni baada ya jioni, akikimbia nyuma ameshika siti, bata na miguu yake, na hakumwachia hata mara moja kabla hajaambiwa "niachie". Alipogundua sababu yenyewe hakununa. Alisema tu kwamba yeye kwa maoni yake msichana anafukuza inzi.

Sasa basi, walikuwa wamefika, na walikuwa na mchana mmoja. Kesho wangekuwa mbali, na magoti ya Mama Vifungo yalikuwa yameshamweleza wazi kwamba hayarudi tena huku.

Alifungua kitambaa hapo hapo gatini, akaunyanyua mfuniko mbele ya macho. Mnara ulikuwepo, paa lake kama sindano. Daraja lilikuwepo, matao yake kamili. Moyo ukamwenda mbio. Lakini kutoka pale aliposimama, mnara ulikuwa kulia na daraja kushoto. Akausogeza mfuniko huku, akausogeza kule. Haikusaidia.

"Siyo hapa," akamwambia mumewe, akamrudishia siti yake.

Kwenye kibanda cha ramani alikaa dada mmoja kijana, na Mama Vifungo alikuwa amejiandaa kuchekwa. Hakuchekwa. Dada aliushika mfuniko kwa mikono miwili kama mtu anayepokea mtoto, akautazama, akautazama mto, akatafakari. Akasema mnara ndio ule na daraja ndilo lile, mengine hayapo mjini. Ikiwa kwenye picha mnara uko kushoto, basi mchoraji alisimama ng'ambo ya daraja, upande ule mwingine, akitazama huku. Akawachorea mshale mkubwa kwenye ramani, akakataa shukrani. Walipokuwa wameshafika mbali kidogo wakasikia viatu vinakuja mbio nyuma yao. Alikuwa yeye, ameacha kibanda wazi, amekuja kumgeuzia Mzee Spoki ramani, maana aliishika juu chini.

Wakapita mjini. Vichochoro vilikuwa vyembamba, vimejengwa na watu ambao bila shaka hawakuwa na haraka: kila kimoja kilipinda mara mbili kabla ya kufika kilikokusudia. Madirisha yalikuwa na vyungu vya maua, na nguo zilianikwa juu ya vichwa vya wapita njia, na Mama Vifungo alitembea akizikagua pindo zake. Mahali pamoja alisimama kabisa kusifia kola. Mzee Spoki yeye alisimama kila alipopata ukuta wa kuegemea. Na kila alipoegemea, mtu alimuuliza habari za siti.

Mwenye duka la kofia alitaka kujua baiskeli iko wapi. "Imetangulia," akajibu. Mzee mmoja aliyeketi kizingitini alimuuliza hivyo hivyo, akaambiwa kwamba hali ni ngumu, baiskeli ananunua kidogo kidogo, ameanza na siti. Yule mzee akampa pole kwa dhati, akamtakia apate na usukani. Mama Vifungo alimfinya mumewe, lakini moyoni alishukuru. Mtu aliyechoka kiasi kile angeweza kuwa na maneno mengine.

Makumbusho yalikuwa njiani, wakaingia kwa sababu ndani kulikuwa na viti. Pale mlangoni mama mmoja wa kupokea mizigo alisema siti haiingii. Mzee Spoki akasema basi na yeye haingii. Yule mama hakubishana naye. Alichukua siti, akaifuta vumbi kwa kiganja, akaitundika peke yake kwenye ndoano ya juu ambako watu huweka kofia, akaiwekea namba. Mzee Spoki akaridhika, ingawa alitoka mara mbili kuitazama. Huko ndani kulikuwa na funguo kubwa za malango, na mizani, na viatu vya watu waliokufa. Picha ya ngazi haikuwepo.

Ng'ambo ya daraja ndiko walikopata pigo. Walifuata mshale wa dada wa ramani mpaka mwisho wake, wakageuka, na naam: mnara kushoto, daraja kulia, kila kitu mahali pake kama kwenye bati. Isipokuwa walikuwa wamesimama mbele ya ukuta mrefu wa ghala la ngozi. Hapakuwa na ngazi. Palikuwa na lango la chuma, mlinzi, na harufu ambayo ilikuwa kama mtu wa tatu katika mazungumzo.

Mlinzi alikuwa mtu mzima mwenye sare iliyobana. Mama Vifungo alimweleza, akaona aibu katikati ya maelezo, akaendelea tu. Mlinzi akasema wageni haruhusiwi kuwaingiza. Halafu akautazama tena mfuniko, akautazama uso wa mama wa watu, akafungua lango, akasema anakwenda kukagua ua kwa ndani na kwamba yeye akikagua huwa hatazami nyuma. Wakamfuata. Mwisho wa ua palikuwa na ukuta ulioingia majini moja kwa moja, na bomba linalotema maji machafu. Mlinzi, akiwa bado hatazami nyuma, alisema kwa masikitiko kwamba huenda ngazi zilivunjwa walipojenga ghala. Zamani hiyo. Kabla yake yeye, kabla ya baba yake.

Mzee Spoki alitaka kumchekesha mkewe. Akasema sasa fumbo limefumbuka, msichana alikuwa anapunga harufu.

Mama Vifungo hakucheka. Mzee Spoki alipoona hivyo alihamisha siti kwenda kwapa la pili ili apate mkono wa kumshika. Mlinzi aliufuta mfuniko kwa leso yake kabla ya kuurudisha, pande zote mbili, ingawa haukuwa na uchafu, akawaonyesha njia ya kurudia yenye kivuli.

Walirudi kwa njia ile ya kivuli. Karibu na daraja kulikuwa na mkahawa mdogo, meza chache na kioo kirefu ukutani ambacho mwenye mkahawa alikiweka ili chumba kionekane kikubwa. Mama Vifungo aliketi akavua viatu chini ya meza. Mwenye mkahawa aliona. Alikwenda nyuma ya kaunta, akachukua mto wa kiti chake mwenyewe, akaja kuuweka sakafuni, chini ya miguu ya mgeni, akauliza chai iwe ya rangi au ya maziwa.

Chai ilikuja na mandazi. Mzee Spoki aliweka siti kwenye kiti cha tatu kama mtu wa familia, akanywa kikombe kimoja, akaomba cha pili. Alisema ngazi zinaweza kuvunjwa lakini mkono wa msichana bado uko juu, hakuna aliyeushusha. Yalikuwa maneno mazuri na mkewe aliyasikia. Lakini mfuniko ulikuwa mezani, msichana anapunga, na Mama Vifungo hakuweza tena kumtazama. Akaushika mfuniko, akaugeuza umpe mgongo, akauegemeza kwenye bakuli la sukari, kama unavyomgeuza ukutani mtoto aliyekudanganya.

Akanywa chai yake akitazama mbele. Mbele ndiko kulikokuwa na kioo. Katika kioo aliona mwanamke mzee aliyechoka, na mzee mwenzake mwenye makombo kwenye masharubu, na bakuli la sukari, na mfuniko wake ukimtazama kutoka kule.

Kikombe kilisimama njiani.

Kitu cha kwanza alichokiona hakikuwa mnara wala daraja. Mshonaji huona nguo kwanza. "Mzee," akasema taratibu, "leo bwana amevaa koti lake."

Mzee Spoki akamuuliza bwana gani. Akamwonyesha kwenye kioo. Kule kiooni, ubavu wa kushoto wa koti ulilala juu ya wa kulia, vifungo vimekaa panapostahili, koti safi la mwanamume, na mkewe huko nyumbani hana kosa wala baridi. Na mnara ulikuwa kulia. Na daraja lilikuwa kushoto.

Walitazamana. Maisha yao yote walikuwa wamemcheka mtu yule, na mama yake kabla yao, na hakuna hata mmoja aliyejiuliza kama kosa si la koti. Picha ilikuwa imechapwa kinyume, kama kitambaa kilichokatwa ndani nje. Mzee Spoki akauliza mbona basi jina la mji liko sawasawa. Mkewe akamwambia maandishi huwekwa mwishoni, kama lebo ya kola. Fundi wa lebo hatazami nguo.

"Kwa hiyo ngazi hazikuvunjwa," alisema Mzee Spoki.

"Nilisimama juu yake asubuhi," alisema Mama Vifungo. "Nikiwa na siti yako kwapani."

Ilikuwa inakaribia saa kumi. Mwenye mkahawa, ambaye alisikia yote kwa sababu mkahawa ulikuwa mdogo hata ukiwa na kioo, alikataa kulipwa, chenji isije ikamchelewesha mtu, akawafungulia mlango wa jikoni unaotokea karibu na mto. Mama Vifungo aliondoka mbio, viatu mkononi. Nyuma yake alikuja Mzee Spoki na siti, akitafuta bwawa lake kwa kasi ambayo hakuna bata aliyewahi kuifikia. Yule mzee wa kizingitini aliwaona wakipita, akamuuliza kama amepata usukani. Akajibiwa kwa kupungiwa siti.

Walipotokea gatini filimbi ilikuwa mdomoni mwa Kamanda. Wenzao wote walikuwa juu ya baiskeli, mguu mmoja chini. Kamanda alisema mna bahati, pandeni. Mama Vifungo akasema anaomba dakika kidogo tu asimame pale kwenye ngazi. Kamanda akasema sheria ni sheria, mwenye kutaka kusimama alikuwa na mchana mzima wa kusimama.

Hakuomba mara ya pili. Alimpa mfuniko tu, akamwonyesha kwa kidole: mnara, daraja, ngazi, mkono. Akamwambia mama yake alimtuma achungulie.

Kamanda aliutazama muda mrefu kuliko mtu yeyote siku ile. Kisha akashuka kwenye baiskeli yake, akachuchumaa kando ya gurudumu la nyuma, akawapa wote mgongo. Gati zima likasikia "fyuuu".

"Tairi langu limetoboka," akasema akiinuka, uso mkavu kama kawaida. "Bila tairi hatuondoki. Fundi atalishughulikia akipata nafasi."

Fundi nafasi hakuwa nayo hapo hapo. Vikombe viwili vya chai na mbio zile vilikuwa vimefanya kazi yake. Alimwachia mkewe siti, akajitosa chooni kwa mara ya pili siku ile.

Basi Mama Vifungo akaenda kusimama juu ya ngazi, peku. Jiwe la juu lilikuwa limelika katikati, lina bonde dogo la nyayo za watu, na miguu yake ilitulia humo kana kwamba imepimwa. Mnara kulia. Daraja kushoto. Mto ulikuwa unapita chini yake, mnene, wa rangi ya chai ya maziwa. Kila kitu kilikuwepo. Bado jambo moja tu, na alijikuta anaogopa. Mtu akishazoea kutojua jambo, kujua nako ni safari. Akavuta pumzi, akageuza uso kule alikokuwa anatazama msichana, nje ya ukingo wa bati, ambako hakuna mtu wa nyumba yao aliyewahi kufika.

Kulikuwa na choo.

Hakukuwa na kitu kingine. Ukuta mfupi wa mawe, mlango wa kijani, na mama mfagiaji na ufagio wake. Mama Vifungo akamuuliza kama choo hicho ni cha zamani. Mfagiaji akasema ni cha zamani kama ngazi, si unaona mawe ni yale yale. Ndipo wasafiri walipoingia kabla ya kupanda boti. "Na hapo uliposimama, shangazi," akaongeza, "ndipo mahali pa wanawake. Tangu nianze kazi nawaona. Wanasimama hapo hapo, wanapunga mkono hivyo hivyo, waume zao watoke."

Mama Vifungo alianza kucheka polepole, kisha akashindwa kujizuia, akalazimika kukaa. Akaweka siti juu ya jiwe akaikalia. Alimcheka mama yake na mtu wake anayeondoka asirudi, akajicheka yeye na mtu wake aliyerudi kutoka mbali. Miaka yote ile ya ubishi, uzi kwa uzi, na wote wawili walikosea kabisa, hakuna aliyeshinda. Mama angevunjika mbavu. Angesema, hata hivyo, mimi nilikuwa karibu zaidi. Na hapo machozi yalimtoka pia, lakini kidogo, na mfagiaji akageuka akafagia upande mwingine mpaka yalipokwisha.

Mzee Spoki alikuwa hatoki. Wenzao walianza kukohoa. Kamanda alichungulia saa yake, akachungulia tairi lake. Mwishowe mlango wa kijani ukafunguka, akatokea, hana haraka na mtu, anafunga koti lake kifungo kimoja kimoja na anapiga mluzi. Mama Vifungo akainuka. Mkono ulipanda wenyewe.

"Mzee, fanya haraka."

"Nakuja, nakuja," akasema, na akaja. Halafu katikati ya njia akasimama. Akautazama mkono wa mkewe, akatazama ngazi na mnara nyuma yake. Akageuka kuutazama mlango aliotoka, akarudi kumtazama mkewe. Tabasamu likamwingia kwenye masharubu na makombo yake.

"Mimi nilisema inzi," akasema. "Kumbe msichana alikuwa ananiita mimi."

Alikuwa amefunga koti upande, kifungo kimoja kimeruka tundu lake. Mkewe akamvuta karibu, akalifungua lote, akalifunga upya kuanzia chini, kushoto juu ya kulia, bila kutazama vidole vyake. Kisha akamwambia aende akajaze upepo tairi la Kamanda, maana tairi lile halikuwa na tundu lolote na kila mtu alijua. Mzee Spoki akapiga pampu kwa bidii. Kamanda alimrudishia Mama Vifungo mfuniko wake, umefungwa tena kwenye kitambaa, kwa fundo nadhifu la mtu aliyezoea kufunga nyavu za magoli. Aliinamisha kichwa kidogo.

Filimbi ikalia. Msafara ukaanza kusogea kando ya mto, kengele zikilia, na Mzee Spoki, ambaye hakupenda kuwa wa mwisho, akaisukuma baiskeli yake hatua chache, akaurusha mguu juu kama kijana na kujiachia akae.

Alikumbuka akiwa bado hewani.

Iliyoiokoa heshima yake ni miguu, ile ile aliyoilaumu mchana kutwa; ilikanyaga pedeli ikamzuia, akabaki amesimama juu ya baiskeli, ameshika breki, macho yamemtoka. Aligeuza shingo taratibu kutazama nyuma. Kule juu ya ngazi za mawe, kati ya mnara na daraja, mkewe alikuwa amesimama peku, mkono mmoja juu, anampungia kwa siti.